Baba Ameegemea Nini?

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mama ametoa picha! Ile ya sherehe ya kumuaga baba kazini, ya mwisho aliyopigwa akiwa amesimama. Jumapili unatimia mwaka tangu tumzike, ukoo mzima unakuja, na mama anataka picha kubwa ya kutundika sebuleni. Shida ni kwamba baba haonekani. Suti ya kijivu, ukuta wa kijivu, na watu wamejaa nyuma yake wakitafuna. Unamtafuta baba, unaona ukuta wenye miwani.

Dada mdogo akasema kazi hiyo nipewe mimi, si ndiyo ninayoifanya studio kila siku? Mama akanitazama, akasema tumuulize kwanza kaka. Tumuulize kaka! Nyumba hii hata chumvi ikizidi kwenye mboga tunamuuliza kaka. Anayeishi na mama ni mimi. Anayebeba mtungi wa gesi ni mimi. Lakini bomba likivuja anapigiwa simu yeye, huko aliko, naye ndiye ananiambia nifunge koki. Nimeinyakua picha kabla simu haijapokelewa.

Safari hii mama atanitaja mimi kwanza. Mbele ya ukoo wote. Lazima.

Baadaye. Nimeiangalia picha vizuri. Kaka yumo! Kajibana ubavuni mwa baba, mkono kaupenyeza chini ya kwapa la mzee, uso kaukunja utafikiri anayeagwa ni yeye. Kimbelembele tangu utotoni. Haya. Nimejua la kufanya.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Bosi wangu, Mzee Mwanga (tunamwita hivyo kwa sababu neno hilo halimtoki mdomoni), ameiona picha. Kasema ni kazi ndogo. Nififishe nyuma, niung'arishe uso, nipitie ukingo wa mabega taratibu nisije nikamkata mzee masikio, basi. Akauliza kama kuna jingine ninalopanga. Nikasema hakuna. Akauliza tena.

Ananiandama kwa sababu ya yule mteja wa wiki iliyopita. Nilimwondolea alama ya kuzaliwa shavuni, kwa moyo mweupe kabisa, wala hakuniomba. Leo karudi na mumewe kuthibitisha kwamba aliye kwenye picha si yeye. Mume naye kakiri hamjui. Mzee Mwanga kanipa amri mpya: futa vumbi, usifute watu. Wivu wa kazi huo, mimi namwelewa.

Mchana nikaanza. Nikaupunguza mwanga wa ukuta, nikawatia ukungu wale watafunaji, nikampa baba mwanga kidogo kwenye paji la uso na kwenye kola. Akatoka! Wallahi akatoka, kama mtu aliyepiga hatua kuja mbele. Nikakaa hivyo, mkono kwenye kipanya cha kompyuta, namwangalia baba yangu.

Kisha nikaona kichwa cha pili, kando yake, nacho kinang'aa. Kwa kuwa kamgusa baba, mwanga wote wa baba kaupata bure. Kikulacho ki nguoni mwako!

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimemfuta kaka. Nilianza na uso, nikamalizia na kiatu. Sijawahi kufanya kazi safi namna hii. Mkono ndio ulionitoa jasho, vidole vilikuwa vimeng'ang'ania koti la baba vibaya sana. Nikang'oa kimoja kimoja.

Nikarudi nyuma nione. Lahaula! Baba kalala upande! Mtu mzima, mpole, hajawahi kuonja pombe, anaonekana ametoka kilabuni na anaitafuta njia ya nyumbani.

Si kitu. Nikamsimamisha wima. Akasimama vizuri, ila tai ikabaki inaning'inia kwa pembeni, kana kwamba kuna upepo unaovuma kwenye tai tu. Nikainyoosha tai. Viatu vikaelea. Nikavishusha viatu, mguu mmoja ukawa mrefu. Mzee Mwanga akapita nyuma yangu, akasimama, akaguna, akaenda zake. Kuguna kule kumeniuma kuliko tusi.

Jioni nikapata jibu. Nguzo! Mtu akiegemea nguzo nani atauliza? Nimeitoa kwenye picha ya harusi ya mteja. Ina maua ya plastiki yaliyozungushwa toka juu hadi chini, nimeyatoa mengi, machache yamegoma. Baba sasa kaegemea nguzo yake ametulia. Heshima tupu.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Kaka kafika na mfuko wa machungwa. Mama kamwekea maji ya kuoga, kamchagulia taulo jipya. Mimi sijui hata kama tuna taulo jipya.

Dada kaiona kazi kwa kuchungulia. Eti baba anaonekana kama kijana aliyeahidiwa saa nane na mchumba, na sasa ni saa kumi. Nikamwambia hajui sanaa. Akasema sanaa haijui, ila baba alimjua.

Lakini sikiliza hili! Kaka kanifuata uani, peke yangu, nikianika nguo. Kaniomba kwa sauti ya chini kwamba kama nitaitengeneza ile picha, ule mkono wake nisiutie mwanga. Uachwe gizani tu, usitambulike. Kisha akashika ncha ya shuka akanisaidia kulikamua.

Nimelala chali kitandani nacheka. Anaona aibu! Mwenyewe anajua alijipachika pasipomhusu! Nami nimemtimizia haja yake kabla hajaomba, tena kwa ziada. Jumapili atanishukuru, hana ujanja.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Walikuja wote. Sebule ikajaa, watoto wakakaa sakafuni. Nilikuwa nimeifunika picha kwa kitenge cha mama, nikasimama kando yake, nikasema maneno machache kuhusu sanaa ya kumtenga mhusika na kilicho nyuma yake. Baba mdogo akasema nifunue, chai inapoa. Nikafunua.

Baba mdogo akauliza hiyo nguzo ni ya wapi, mbona ukumbi ule yeye anaukumbuka haukuwa na nguzo. Mtoto mmoja akauliza mbona babu kaota ua begani. Wakacheka, na mimi nikacheka nao, nikidhani yatapita.

Mama hakucheka. Alisogea mpaka karibu kabisa, akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. Akaniuliza mkono uko wapi.

Nikauliza mkono gani.

Basi akasema, palepale mbele ya watu, bila kupandisha sauti. Kwamba siku ile miguu ya baba ilikuwa haimbebi tena. Wakamletea kiti, akakataa. Alisema kazi ile aliianza kwa miguu yake na ataiaga kwa miguu yake. Kaka akamshika chini ya kwapa, akambeba hivyo hotuba zote, za wakubwa na za wadogo, na baba akawaapisha yeye na mama wasimwambie mtu yeyote. Ule uso haukuwa wa kujiona. Ni uzito wa baba.

Nikapata ujasiri wa kijinga, nikauliza kwa nini basi mimi sikuambiwa. Mimi si mtoto wa nyumba hii?

Mama akasema baba alinitaka mimi. Mimi kwanza, kwa kuwa ndimi niliyekuwa naye asubuhi ile. Alituma watu wawili wanitafute. Hawakuniona.

Nakumbuka nilikokuwa. Nyuma ya ukumbi, namlainisha msimamizi wa vinywaji aniachie kreti la soda zitakazobaki. Nilipata nusu kreti.

Kaka akasema basi, mama, ni picha tu. Akatoka nje kuwaangalia watoto. Angenitukana ningepumua. Watu wakanywa chai yao wakizungumzia bei za mabati. Mimi nikafunika picha tena, na kitenge hakikufika chini. Niliona uchungu ambao sijawahi kuuona, hata siku ya mazishi sikuumia hivi.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Wamekwenda wote. Nyumba imekuwa kubwa.

Leo asubuhi mama kaja mlangoni kwangu na picha ile ya asili mkononi. Nilijua anataka kunituma niipeleke kwa fundi mwingine. Kumbe hapana. Kasema aliongea na kaka kwenye simu, na kaka kamwambia anipe mimi tena, fundi wa kweli ni mimi, nilipitiwa tu. Nipewe mimi kwa sababu kaka kasema! Hata msamaha wangu umemuuliza kaka kwanza.

Masharti ya mama ni mawili tu. Baba aonekane, na mkono uwepo. Uwepo wote, mpaka kwa mwenyewe. Anataka kila anayeingia sebuleni aone mzee alishikwa na mwanawe. Akanigusa shavu kidogo, akaenda kuwasha jiko.

Nimekaa na maneno hayo siku nzima. Mzee alishikwa na mwanawe. Nimeyageuza huku na huku, na kadiri ninavyoyageuza ndivyo ninavyoona haki iko wapi. Baba alimtaka nani kwanza? Mimi. Alituma watu kumtafuta nani? Mimi. Kaka mwenyewe si alisema hataki kutambulika? Basi ule mkono, ukiupima kwa uadilifu, kaka aliutoa kwa niaba yangu tu. Na mama macho yake si ya zamani.

Mkono nitauacha kama ulivyo, sitaugusa hata ukucha. Ni kuanzia kwenye kola ya kaka kwenda juu tu. Urefu wetu ni mmoja, weusi wetu ni mmoja, na pale studio nina picha yangu ya pasipoti, nimenyoa vizuri.

Tatizo ni moja. Kwenye ile ya pasipoti natabasamu. Si neno, nitaukunja uso kidogo.