Ng'ombe wa Mama Kwenye Kila Ukurasa

Marafiki, leo nimeaibika hapa Voi, tena mbele ya mama yangu.

Dada yangu Wakesho anasomea uuguzi ng'ambo. Juzi aliandika kwamba baridi na upweke vimemshinda, anataka kuacha masomo arudi. Mama akanigeukia: "Wewe wa kompyuta, mfanyie kitu!" Nikaahidi tovuti ya kikundi chao cha kusuka vikapu, Wakesho aone watu wake. (Mimi wa kompyuta! Nimeanza chuo juzi tu.)

Chuoni tumeletewa kiunzi kipya cha kutengeneza tovuti. Ukiweka kitu kwenye faili inayoitwa fremu, kinatokea kwenye kurasa zote. Ukikiweka kwenye ukurasa mmoja, kinabaki hapo. Rahisi! (Shikeni hapo.)

Asubuhi Mama akashuka chuoni kutoka kijijini kwetu Mwanda, na gauni lake la kanisani. Bi Zuhura, mwalimu wetu, akampa kiti cha mbele. Mama akaona kitufe cha "Nyumbani". Akabonyeza. Vikapu. Akabonyeza tena. Vikapu.

"Nyumbani iko wapi?"

"Mama, hapo ni mwanzo wa tovuti. Ndivyo panavyoitwa."

"Mtoto analilia nyumbani, wewe unamwonyesha vikapu?"

Akatoa picha mkobani: nyumba yetu, na ng'ombe wake amesimama mbele akiiziba karibu yote. Nikaipitisha kwenye skana, nikaiweka, modemu ikapiga makelele yake, tovuti ikapanda mtandaoni. Nikamwandikia Wakesho aifungue.

Mama ndiye mwenyekiti wa kikundi. Kwa madaha nikambonyezea "Mwenyekiti Wetu".

Ng'ombe! Na chini yake: "Ametuongoza kwa upole na hekima."

Nikakimbilia "Mweka Hazina". Ng'ombe! (Ndiyo, nilimweka kwenye fremu.)

Darasa zima likaangua kicheko. "Mwanangu," Bi Zuhura akasema akifuta machozi, "mamako umemtia pembe!"

Mama hakucheka. "Mimi na huyu tunafanana wapi?"

Kabla sijamtoa ng'ombe, barua pepe ya Wakesho ikaingia. Nikaisoma kwa sauti: "Kila nikifungua ukurasa, nyumbani! Nimecheka mpaka wenzangu wakaja kuona. Mwambie Mama nabaki, nitamaliza. Ng'ombe usimtoe!"

Mama akajifuta uso kwa leso. "Basi mwache," akasema polepole.

Nimemwacha. Mkitembelea tovuti yetu, msalimieni mwenyekiti kwa heshima, na tafadhali msiulize ni yupi.