Naomba Kurudishiwa Shingo Yangu ya Zamani

Kwa Dada Mtaalamu wa Viungo,
Chumba namba nne, mwisho wa korido.

YAH: KUNYOOSHWA BILA KUONYWA

Kwa heshima na taadhima, mimi ni yule karani wa masjala uliyembandika plasta mbili za kunyoosha mgongoni Jumatatu, kutoka juu ya bega hadi katikati ya mgongo. Nilikuja na maumivu ya shingo. Yamekwisha, sikatai. Lakini madhara ya kupona hukuniambia, nami nayaorodhesha:

1. Kazini kwetu mtu huingia kwa Bosi ameinamisha kichwa. Sheria haijaandikwa, ndivyo tulivyokuta. Miaka kumi na tisa namjua Bosi kwa viatu tu. Jumanne nimeingia na faili, najaribu kuinama, plasta ikanivuta ngozi, nikanyooka na kumtazama usoni. Dada, ana uso wa kawaida kabisa. Nilisikitika.

2. Kwa kuwa nilikuwa wima, niliona anavyotia saini. Hasomi! Orodha yetu ya zamu za kuchemsha chai ilikuwa imechanganyika na barua zake, akaiandikia, "Imeidhinishwa, itekelezwe haraka."

3. Uliniagiza nirudishe kidevu nyuma mara kumi kila saa. Saa ikafika tukiwa kikaoni, Bosi anaeleza mafanikio yake. Kila akitaja moja, mimi kidevu nyuma, kama mtu asiyeamini. Wenzangu wakacheka. Nilipobana mabega nyuma, lile zoezi lako la pili, ikaonekana natunisha kifua. Nimeandikiwa barua ya "kiburi cha shingo", na Alhamisi nasimama mbele ya kamati ya nidhamu. Nina watoto watatu na mama mkwe nyumbani. Kazi ikienda, sina pa kushika. Naogopa, sikufichi.

4. Mke wangu naye kasema, "Kumbe una shingo! Basi tazama juu." Nikatazama. Dari inavuja, kama anavyosema tangu mwaka juzi, na mimi nikiapa haivuji. Sasa ninashinda juu ya ngazi.

5. Ugonjwa wenyewe unaambukiza. Mhasibu kaniomba namba yako. Mama wa chai anafanya zoezi la ukutani jikoni, kisogo na mgongo vimegusa ukuta. Jana mpiga chapa alimjibu Bosi huku anamtazama machoni! Sote tukinyooka, Bosi atajuaje kwamba yeye ni mkubwa?

Kwa hiyo naomba unirudishie shingo yangu kama ulivyoipokea: imepinda, inauma, lakini haina kesi. Kama lipo zoezi la kujikunja, nitalifanya asubuhi na jioni bila kukosa.

Nisalimie dada wa mapokezi, yule mama wa goti, na mzee wa magongo tuliyebanana naye kwenye benchi. Mwambie bado namwombea.

Ni mimi, mwenye kunyooka pasipo hiari,
Karani wa Masjala

Tanbihi: Plasta ya kushoto imeanza kubanduka. Tafadhali tupokee Alhamisi asubuhi, kabla ya kamati kukaa, utubandike mpya, na uvute kwa nguvu zako zote. Tuko kumi na mmoja.