Vipimajoto Vinne vya Bi Kadidja

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimepata kazi! Bi Kadidja, muuza samaki anayeogopwa kuliko wote soko la Rumonge, amenikabidhi chumba chake cha baridi. Kidude cha kuwasha na kuzima kompresa, ile mashine ya baridi, kimekufa. Mahali pake nitaweka kikompyuta. Anataka vipimajoto vinne, kimoja kila pembe. Nimemwambia ntakibazo, hakuna shida, mama. Mimi ni Maneno, fundi wa simu, redio na chochote chenye waya.

Chumba kimejaa samaki, mukeke na sangala kutoka Magara. Aliwanunua siku za giza ili awauze juma hili, mwezi ukiwa mpevu. Wavuvi wamelala nyumbani, maana taa zao hazidanganyi samaki hata mmoja. Mtaji wake wote umo humo. Amenikumbusha tena na tena, kama vile mimi mutoto.

Tena iko jambo la Tahira, binti yake. Kazi ikienda vizuri, ninaruhusiwa kutuma mshenga Ijumaa baada ya swala. Ikiharibika, nisahau hata njia ya kwao.

Ayubu wa duka la mbele amesikia. Huyu alirudi kutoka Tanzania na Kiswahili cha redio. Aliniuliza kama nimewahi kuandika mti wa vifaa. Nikamjibu ninaandika kila siku. Kisha nikaenda kutafuta ni kitu gani.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimejua. Ni faili la maandishi tu! Kerneli, yule bwana mkubwa ndani ya mfumo wa kompyuta, akiamka hana macho. Hajui amezungukwa na nani. Wewe unamwandikia: hapa iko kidhibiti cha basi (si gari, ni nyaya mbili ambazo vifaa hupitishia habari zao), chini yake iko kipimajoto, anwani yake ni hii. Naye anaamini.

Kumbe ni posa! Hiyo kazi nani anaijua kunishinda? Mimi ndiye mshenga wa mji huu. Nimesimama mbele ya wazee mpaka Nyanza-Lac, nikisema kijana wetu ana shamba la michikichi, ana pikipiki, ana adabu. Wazee wanajua mchikichi ni mmoja na pikipiki ni ya shemeji. Wanacheka, wanapokea soda, mambo yanaenda. Posa isiyotiwa chumvi ni matusi kwa bibi harusi.

Afadhali, kwa sababu vipimajoto vimebaki viwili. Vingine nilivifunga kwenye betri ya pikipiki ili Tahira aone vinavyofanya kazi. Vikatoa moshi. Tahira alisema murakoze, asante, akaziba pua.

Nimeandika vinne.

Jumatano, 8 Oktoba

Kerneli si muungwana! Nilipomwasha alikwenda mwenyewe kubisha hodi kwenye kila anwani. Cha kwanza kikaitika. Cha pili kikaitika. Cha tatu na cha nne, akaandika kwenye kioo cha kompyuta, mbele yangu, kwamba hakuna anayejibu. Mkwe gani anakwenda kuhesabu michikichi shambani?

Nikampa cha tatu anwani ya cha kwanza. Akasema anwani hiyo ina mwenyewe. Mbishi!

Maneno hashindwi. Nikauchimba mti ule mpaka chini. Lo! Iko kidhibiti cha basi cha pili! Kimo ndani ya kikompyuta tangu kiwandani, ila kimeandikwa kwamba kimelala. Nikafuta neno hilo, nikaandika kiko tayari. Kerneli akakipokea mara moja. Nikacheza dukani peke yangu. Mteja mmoja alichungulia akaenda zake.

Vipimajoto vyangu viwili visivyokuwepo vikapata pa kukaa. Kisha nikaiambia programu inayoandika kwenye kioo cha Bi Kadidja kwamba cha tatu na cha nne vinasoma nyuzi joto mbili, asubuhi, jioni, daima.

Kerneli aliongeza mstari mmoja chini. Eti kompresa imeomba miguu yake, yaani vile vichuma vya pembeni vya kikompyuta, ikakuta imeshachukuliwa na kidhibiti kipya. Sikutaka ugomvi siku ya furaha. Nikafunga ukurasa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Bi Kadidja amekuja, ameona namba nne kwenye kioo, ameniita mwanangu. Mwanangu! Nimekosa usingizi wa mchana kwa raha.

Alitaka kujua kwa nini cha kwanza na cha pili vinasoma tisa. Nilimweleza viko karibu na mlango, vinachanganyikiwa na wageni. Tahira naye akauliza mbona kompresa imenyamaza tangu jana. Nikamwambia mashine za kisasa hazipigi kelele. Aliniangalia kwa muda. Mapenzi, nadhani.

Shida moja. Mshenga hawezi kujiposea, na baba mdogo ambaye angenisemea yuko Bugarama na jino linauma. Mwenye koti na ulimi ni mmoja tu, Ayubu. Nilimeza mate machungu nikavuka barabara. Amekubali, kwa sharti kwamba atasema tu alichokiona kwa macho yake. Nikacheka sana. Kila mshenga husema hivyo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Asubuhi cha kwanza kilisoma kumi na saba, cha pili kumi na nane. Cha tatu na cha nne vilisoma mbili. Kura zimelingana. Nimewaamini wawili ambao hawajabadilisha kauli tangu wazaliwe.

Baada ya swala nilikaa nyuma ya dirisha la Bi Kadidja, kama ilivyo desturi ya mtu anayeposa na asiyeweza kuvumilia. Ayubu akasimama. Akasema kijana huyu ana duka, la kupanga. Ana meza, ya miguu mitatu. Shamba hana. Shati alilovaa leo ni la Ayubu mwenyewe. Ana mama anayempenda, na moyo wake si mbaya, akiwa amelala. Kisha akakaa!

Wazee wale hawajawahi kusikia posa ya namna hiyo. Mmoja aliuliza kama ni kijana mwingine amekuja kusemewa. Bi Kadidja akanitetea, jamani! Akasema mbona huutaji ufundi wake, chumba changu cha baridi je? Ayubu akasema chumba hicho hajakiona, na asichokiona hakisemi. Basi wazee wote wakainuka kwenda kukiona.

Harufu ilinifikia kabla ya habari.

Bi Kadidja alitazama kioo kwanza. Cha nne, nyuzi mbili. Akaenda kwenye pembe ya nne, akapapasa ukuta. Hakukuta kitu, ila msumari. Hakunitukana. Alikaa sakafuni katikati ya sangala wake akaanza kulia, na mimi sijawahi kumwona akilia, hata siku ya mazishi ya mumewe. Tahira alimshika mabega. Mimi nikatamani ardhi inimeze. Kisha Bi Kadidja akanyanyua kichwa akasema, bila hata kupandisha sauti, kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Nimelia nyumbani. Mama alidhani ni malaria.

Jumamosi, 11 Oktoba

Ayubu amekilaza tena kidhibiti cha pili na kompresa imelia. Neno moja tu! Neno lenyewe nililigundua mimi, hakuna anayesema. Wanawake wa soko wamekesha wakitia chumvi na kukausha. Nusu ya samaki imepona, nusu imekwenda ziwani. Nilipeleka kuni. Zilipokewa, mimi sikupokewa.

Mbele ya watu wote Bi Kadidja akamwuliza Ayubu kama ameoa. Akasema bado. Akamwuliza kama Tahira naye ameshamwona kwa macho yake. Ayubu, mwenye ulimi wake wote ule, akaanza kufunga vifungo vya koti. Tahira akacheka, na kicheko kile mimi sijawahi kukipata. Kimenichoma.

Halafu adhabu yangu. Mshenga wa Ayubu niwe mimi! Bi Kadidja ameapa kwamba nitasimama mbele ya wazee walewale na kutaja kilichopo tu. Nikifanya hivyo, amenisamehe samaki. Nikikataa, nitamjua yeye ni nani. Nimesema ego, ndiyo, mama.

Jumapili, 12 Oktoba

Posa ni leo alasiri. Nimekaa tangu asubuhi na orodha ya mali ya Ayubu mbele yangu. Duka. Baiskeli. Kipande cha shamba la mama yake. Kweli tupu, wallahi, sikuongeza hata punje.

Lakini nikiisoma kwa sauti inatia huruma. Tahira aolewe kwa maneno haba namna hii? Nampenda bado yule binti. Siwezi kumdhalilisha.

Nimeongeza kaka mmoja tu, daktari, yuko Ubelgiji. Ubelgiji ni mbali, nani atakwenda kumtafuta?