Nadharia za Kumfanya Twiga Asome

Jumapili, 5 Machi

Nimemaliza kile kitabu kinene cha nadharia za kujifunza. Kurasa zote, pamoja na tanbihi. Nimekisomea kwenye meza ya jikoni, mke wangu akikata vitambaa upande wa pili. Yeye ni fundi cherehani na meza tunayo moja. Nusura mkasi wake upitie sura ya tano. Sikujali. Sasa nina silaha.

Hali ya vita ni hii. Katika darasa langu la nne kuna msichana aliyehamia katikati ya muhula, yeye na mdogo wake wa kiume aliye darasa la pili. Mama yao amefariki, wanalelewa na shangazi. Anawazidi urefu wenzake wote, kwa hiyo wanamwita Twiga. Jina hilo nimelipiga marufuku na sasa nalitumia mwenyewe. Tangu aje hajasoma sentensi hata moja kwa sauti. Ukimpa kitabu anakitazama kwa adabu, kama mgeni anayesubiri mwenyeji amalize kusali. Shangazi yake anaapa kwamba nyumbani anaongea kama redio.

Mwalimu Mkuu ametangaza kwamba Ijumaa atakuja kumsikiliza yeye mwenyewe. Asiposoma ukurasa mmoja, anashushwa darasa la pili. Yaani akae dawati moja na mdogo wake, magoti yakigusa kidevu. Na mdogo wake yule humsubiri mlangoni kwangu kila mapumziko na kuwaambia wapita njia kwamba dada yake yuko darasa la wakubwa. Nilipinga kwa hoja nyingi. Mwalimu Mkuu, mama mpole mwenye masikio ya chuma, akanijibu kwamba mimi ananisikia vizuri sana, ila mtoto ndiye hajamsikia.

Najua nani anashangilia. Kiitikio. Ndiye mwalimu wa mkondo wa pili wa darasa la nne, chumba cha jirani, ukuta wa mbao kati yetu. Darasa lake huitikia kutwa nzima. Yeye anasema, wao wanarudia. Ba be bi bo bu, mito ya dunia, majina ya mifupa, yote kwa mwendo mmoja, mwisho wa kila sentensi ukivutwa kama mpira. Amejitolea kumchukua Twiga. Eti, "Nipe wiki moja tu, Mwalimu mwenzangu, utamsikia mpaka umkimbie."

Ule si ufundishaji. Ule ni ufugaji wa kasuku. Nitamsomesha Twiga kwa sayansi.

Jumatatu, 6 Machi

Nadharia ya kwanza: tuzo. Tendo likilipwa hurudiwa. Rahisi kama kufungua mlango.

Nimekata nyota za karatasi ya njano kutoka kwenye mabaki ya ruwaza za mke wangu, zile karatasi anazokatia nguo. (Baadaye ikaonekana hayakuwa mabaki. Kuna gauni la mteja ambalo sasa halina mkono wa kushoto.) Mpango: kila Twiga akitoa sauti, yoyote ile, anabandikwa nyota. Tuanze na sauti ndogo, tupande taratibu hadi ukurasa mzima.

Asubuhi alikohoa. Nyota. Akapiga chafya. Nyota. Nikamuuliza kama angependa kujaribu mstari mmoja, akasema, "Hapana." Neno zima! Nyota mbili, na nikampa mkono.

Wenzake walitazama kwa makini. Makini yale yalinifurahisha.

Jumanne, 7 Machi

Darasa zima limekuwa bubu.

Nimeingia, nimesalimia, kimya. Nimeita majina, wakainua vidole kama watawa. Nimemuuliza yule mropokaji wa dawati la nyuma, ambaye siku zote hujibu maswali kabla sijayauliza, mji mkuu ni upi. Akanitazama kwa huzuni. Kisha akakohoa, akatoa paji la uso libandikwe nyota.

Wamejifunza. Hilo sikatai. Wamejifunza kwamba hapa bubu ndiye anayelipwa.

Mchana kutwa nimebandika nyota ili wapate kusema tena. Kufikia saa ya kwenda nyumbani walikuwa wanang'aa kama mbingu, Twiga peke yake akiwa na zile za jana. Alikuwa anacheka. Bila sauti, mabega tu. Sikumpa nyota kwa sababu zilikuwa zimekwisha, na pia kwa sababu niliona haya kidogo.

Upande wa pili wa ukuta: mifupa ya mkono, kwa mwendo wa maandamano. Wakati wa chai Kiitikio aliniuliza kama darasa langu lina msiba. Nikamjibu kwamba nadharia ya tuzo ina kasoro zinazojulikana na wasomi. Akasema pole, akanisogezea sukari. Dharau ya wazi.

Jumatano, 8 Machi

Nadharia ya pili, iliyo bora kwa mbali: mtoto hujenga maarifa yake mwenyewe. Hamiminiwi kama maji kwenye ndoo. Mwalimu asitoe majibu. Akiulizwa, arudishe swali.

Nikamwaga vitabu vyote vya hadithi sakafuni, nikakaa kwenye kiti changu, nikatangaza kwamba leo kila mmoja agundue. Wakauliza wagundue nini. Nikasema, "Wewe unaonaje?" Wakauliza kama wafungue ukurasa wa kwanza. Wewe unaonaje? Mmoja akauliza kama popo ni ndege. Wewe unaonaje? Likawa gumzo moja tamu sana, watoto wakibishana juu ya popo, na Twiga ameketi chini na kitabu cha kuku aliyekataa kuhama, kidole kikitembea chini ya mstari. Midomo ikicheza! Nilishika pumzi.

Wakati huohuo mvulana wa dawati la mbele akaniuliza kama anaweza kwenda msalani. Macho yangu yalikuwa kwa Twiga. Nikamwambia, "Wewe unaonaje?"

Alifikiri sana, maskini. Alifikiri kupita kiasi.

Nilikuwa nimepiga magoti na tambara Mwalimu Mkuu alipochungulia na kuuliza kuna nini hapa. Ulimi haukungoja akili. Nikamuuliza yeye anaonaje.

Nimeitwa ofisini. Sitaandika yaliyosemwa. Alimalizia kwa kusema Ijumaa ni Ijumaa. Nilipotoka, Twiga alikuwa amemsaidia yule mvulana kufua kaptura bombani na kuianika uani. Alimvisha sweta lake mwenyewe, likamfika miguuni. Hakuna aliyethubutu kumcheka mtu aliyevaa sweta la Twiga.

Alhamisi, 9 Machi

Kesho ndiyo Ijumaa. Nadharia ya tatu: mtoto huiga anachokiona. Basi aone msomaji.

Nikasimama nikasoma hadithi ya yule kuku kwa sauti zote: ya kuku, ya baba mwenye nyumba, ya mkokoteni. Nilikuwa mzuri, nisijifiche. Kisha nikawaambia wanifuatishe mmoja mmoja.

Wa kwanza akaja mbele. Akavuta suruali juu kwa viwiko. Akakohoa mara mbili. Akavua miwani asiyokuwa nayo, akaifuta kwenye shati, akaivaa. Kisha akaugeukia ule wa mbao, ukuta wa Kiitikio, akaupiga kofi na kusema kwa sauti nzito, "Kasuku wakubwa nyie!" Kisha ndipo akasoma. Wa pili vilevile. Wa tatu akaongeza kujikuna mgongo kwa rula. Sikujua kwamba najikuna kwa rula.

Zamu ya Twiga ilipofika alisimama. Akavuta suruali, ingawa alivaa sketi. Akakohoa. Akafuta miwani. Akafungua mdomo. Jicho likamwendea mdogo wake, ambaye alikuwa ametoroka darasani kwao na kuchungulia dirishani. Akafunga mdomo, akaketi.

Mkono wa Kiitikio huo. Alikuja mlangoni kuuliza nani anapiga ukuta wake, na kumkatiza mtoto wakati alipokaribia kabisa. Si kweli kwamba alikuja baada ya Twiga kukaa. Au ni kweli, lakini kivuli chake kilitangulia.

Tukamalizana kwenye chumba cha walimu. Nilimweleza tofauti ya kukariri na kuelewa. Akasema mtoto mwenye hofu anahitaji kwanza kusema pamoja na wengine, sauti yake ijifiche ndani ya zao. Nikasema hizo ni hadithi za jikoni. Akasema mwanafunzi wake wa mwisho kimasomo anasoma na wangu wa katikati anakojoa. Hapo nilipaza sauti. Nilianza na wanafalsafa wa kale nikashuka karne moja baada ya nyingine. Nilipofika karibu na zama zetu sauti ilipasuka, ikawa filimbi, kisha ikaondoka kabisa. Nikaendelea kwa mikono.

Kiitikio alichukua birika. Akanimiminia maji ya uvuguvugu. Akasema kwa upole kwamba naye usingizi haumjii kwa ajili ya yule binti.

Nilikunywa. Hiyo haimaanishi nimekubali hoja.

Ijumaa, 10 Machi

Naandika kwa sababu siwezi kusema. Mke wangu alitaka nilale leo. Ameniambia asubuhi, akinifunga skafu, kwamba nyumba haijawahi kuwa na utulivu hivi na bado hapendi. Nikaenda.

Mwalimu Mkuu aliketi nyuma, mikono mapajani. Twiga dawati la kwanza, uso kama ukuta uliopakwa chokaa. Mdogo wake dirishani, ametoroka tena. Nikafungua kitabu cha yule kuku. Nikataka kutoa maneno ya kumtia moyo. Nilikuwa nimeyaandaa, yalikuwa mazuri. Ukatoka upepo.

Watoto wakacheka, kisha wakaona sichezi, wakaacha. Nikajaribu tena. Upepo. Nikaonyesha mstari kwa kidole, nikachezesha midomo, nikashika koo. Nikaketi. Nilifikiria magoti ya Twiga kwenye lile dawati dogo. Nina miaka mingi darasani na sikumbuki kuwahi kuketi bila kujua cha kufanya.

Kisha nikasikia mnong'ono. Twiga alikuwa anamwambia jirani yake, "Mwalimu anasema, siku ya kuhama ilipofika, kuku alipanda juu ya paa." Jirani akasema hasikii. Wa nyuma wakasema nao hawasikii, aongeze. Akaongeza. Akanitazama kama anaomba ruhusa ya kusema kwa niaba yangu. Nikaitikia kwa kichwa. Akachukua kitabu mkononi mwangu.

Akasoma.

Alisoma kwa mwendo wa kule kwa Kiitikio, mwisho wa kila sentensi ukivutwa kama mpira. Baba akaleta ngaziii. Kuku akageuza mgongooo. Nyuma ya ukuta, nilitambua tu baadaye, palikuwa kimya kabisa. Akafika kwenye neno "wasipomshawishi" akakwama. Akanitazama. Mimi nina upepo tu. Kisha mropokaji wa nyuma akasema, bila kejeli yoyote, "Wewe unaonaje?"

Twiga akaona. Akalikata neno vipande vipande, akaviunganisha. Wasipomshawishi, atabaki peke yake. Akageuza ukurasa bila kuambiwa, akaendelea mpaka kuku akashuka na kupanda mkokoteni pamoja na wenzake. Alipomaliza alikohoa mara mbili na kuvuta suruali asiyoivaa.

Hakuna aliyepiga makofi. Yule mvulana wa kaptura alibandua nyota ya Jumanne kutoka kwenye daftari lake, akaja kuibandika kwenye kitabu. Dirishani mdogo mtu alikuwa anamweleza mpita njia, kwa sauti iliyofika barabarani, "Huyo anayesoma ni dada yangu. Yule mwingine ni mwalimu, anaumwa."

Mwalimu Mkuu alifuta macho, akadai ni chaki. Twiga anabaki darasa la nne. Nilitaka kusema jambo. Bahati yangu sikuweza.

Jumamosi, 11 Machi

Asubuhi yote nimefikiri. Kazi ya msomi ni kutafuta chanzo.

Mke wangu, akishona mkono mpya wa lile gauni, anaona kila kitu kilichangia kidogo: nyota, maswali, kuiga, hata nyimbo za jirani, na zaidi ya yote mtoto kuona kuna mtu anamhitaji. Nampenda sana, lakini hana mafunzo. Nimemwandikia kwenye karatasi kwamba sayansi haiendi kwa kidogo kidogo. Chanzo ni kimoja, na nimekigundua mimi: mwalimu kunyamaza. Nitaiita Nadharia ya Ukimya wa Mwalimu.

Shangazi yake Twiga alipita. Amesema binti ameuliza kama Jumatatu nitakuwa bado naumwa, maana akikuta hivyo atasoma sura inayofuata, amekwisha kuipitia. Nikageukia dirisha kwa muda. Mke wangu akasema basi Jumatatu, hata nikipona, ninyamaze tu kidogo nimwachie. Haiwezekani. Watoto lazima kwanza waelezwe kwa kina kwa nini nanyamaza.

Kiitikio naye amemtuma mtu na chupa ya asali. Nakunywa vijiko viwili viwili, na mvuke juu yake. Sauti lazima irudi kufikia kesho kutwa. Nimemwandikia Mwalimu Mkuu kuomba walimu wote wakusanywe Jumatatu asubuhi, kabla ya vipindi, niwahutubie juu ya kunyamaza. Nimeomba muda wa saa tatu. Hazitatosha.