Alfajiri Isiyo na Bwana Harusi

Jumatatu, 4 Machi
Mama Bosi, mwenye hiki kiwanda chetu cha uchapaji, katangaza: binti yake anaolewa. Atakayetengeneza kadi ya mwaliko ikamkonga moyo, huyo atakaa kiti cha dirishani na kuitwa msanifu mkuu. Kiti cha dirishani! Pale unaona mawingu yanavyojikokota juu ya mapaa, na hakuna anayekuuliza unawaza nini. Nimeidaka kazi kabla Rula hajanyanyuka. Rula ni mwenzangu. Hupima hata kivuli chake. Nimechora anga la alfajiri, kadi nzima. Kaniambia rangi ipite mstari wa kukata, milimita tatu kila upande, maana kisu hakinyooki kama mstari wa kompyuta. Kijicho tu!

Jumanne, 5 Machi
Kadi ya majaribio imekatwa. Ukingoni, uzi mweupe wa karatasi. Mama Bosi kauliza mbona alfajiri yangu shimizi inachungulia. Rula kacheka mpaka kapaliwa. Nimeumia, jamani. Mchana kutwa nimetazama mawingu kwa mbali, shingo upande.

Jumatano, 6 Machi
Haya, nimekubali. Lakini milimita tatu! Ubahili gani huo? Nimeweka thelathini. Kisha nikaivuta kadi nzima, anga, nyota na majina, mpaka ikaijaza nafasi hiyo ya ziada pomoni. Lo, ilivyopendeza kwenye kompyuta! Nilijiona naelea humo ndani, pekupeku, natembea juu ya wingu la waridi. Rula kaomba aikague. Nimemwambia asante, ya kwangu nitayaona mwenyewe. Alipokwenda kunywa chai nikazituma kadi zote mashineni, bila ya majaribio. Majaribio ni ya waoga.

Alhamisi, 7 Machi
Mungu wangu! Fundi wa kukata kafuata kipimo cha kadi kama kilivyoagizwa. Jina la bibi harusi limebaki, kubwa, katikati ya anga. La bwana harusi lilikuwa chini. Limekwenda na vipande, liko kwenye kapu la taka. Kadi zote! Mama Bosi kauliza mwanawe anaolewa na nani, na mawingu? Binti kaishika kadi, machozi yakamtoka. Kasema mama yake hakumtaka yule kijana tangu mwanzo. Sasa wakwe wataona jina limeondolewa makusudi, na harusi itaingia mdudu. Hapo roho iliniuma kweli. Nimejificha nyuma ya marobota ya karatasi mpaka saa ya kutoka. Rula hakucheka. Kakaa, kaanza upya.

Ijumaa, 8 Machi
Kadi mpya zimefika kwa wakwe, na wamezipokea kwa vigelegele. Kiti cha dirishani kapewa Rula. Mimi nimehamishiwa ukutani, ubavuni mwa mashine ya kukatia, nikione kisu kinavyofanya kazi. Binti kapita. Kasema hana kinyongo. Tena lile anga langu limebaki vilevile kwenye kadi mpya, na usiku aliliota. Aliliota! Basi nimekaa nautazama ukuta, ukageuka anga, nikawaza kwa utulivu. Kosa nimeliona. Kama jina zima lilikatwa, maana yake ile nafasi ya ziada haikutosha. Kazi ijayo naweka sitini. Rula asijue.