Jinsi Losa Alivyokilinda Kiti cha Safu ya Tatu

Sogeeni, enyi watu wa mji wetu wa Porirua, New Zealand, na wa mbali zaidi, mlioketi na mliosimama, msikie habari za vita vya Ijumaa ile ya mvua katika ukumbi wa shule, vita visivyo na mkuki wala ngao, vilivyopiganwa kwa ajili ya kiti kimoja cha plastiki.

Dakika tano kabla ya pazia kufunguliwa, mgeni asiyetazamiwa aliingia akichuruzika maji. Alikuwa mwandishi wa gazeti kutoka Auckland, ambaye kalamu yake, ilisemekana, iliweza kukipandisha kikundi hadi majukwaa makuu au kukizika kingali hai. Tiketi hakuwa nayo, na ukumbi ulikuwa umefurika. Kilibaki kiti kimoja tu, katika safu ya tatu, na juu yake palikuwa na sweta la Losa.

Losa, binti wa kisiwa cha Savai'i kule Samoa, mshika tochi wa ukumbi awaonyeshaye watu viti vyao, Losa wa nyonga mbovu na moyo usiopinda! Alikuwa amemwahidi Ioane, mtoto wa kaka yake, kwamba atakilinda. Kijana huyo wa miaka kumi na saba ndiye aliyekuwa aimbe katika onyesho kama mwanafunzi wa shule ya Kikatoliki anayempenda mvulana mwenzake. Na wakati wa Kwaresima alimwambia baba yake, Petelo, kwamba hayo si ya jukwaani tu. Tangu siku hiyo baba na mwana walipishana jikoni kama majeshi mawili yaliyoapa kutosemezana.

"Shangazi, mwekee baba kiti," Ioane alikuwa ameomba. "Hata asipokuja. Nikimwona mtu mwingine pale, nitajua hata wewe umekata tamaa."

Sasa Bwana Pritchard, mwongozaji wa onyesho, jemadari wa taa na mapazia, alishuka kwa kishindo.

"Mama Losa, toa sweta. Huyu ni mtu wa gazeti!"

"Nimemwona. Amelowa. Mpe taulo."

"Kaka yako haji! Si umesema mwenyewe yuko nyumbani anatazama raga?"

"Raga ina mapumziko."

"Mama, nakuheshimu sana. Lakini usipompa kiti, tochi hiyo kuanzia kesho atashika mwingine."

Mbingu zilitulia. Tochi ile Losa aliiomba miaka tisa. Aliitazama, akaizima, akaiweka mkononi mwa jemadari. Kisha akajisimika mbele ya kiti, kilo mia na kumi za imani.

"Haya. Njoo unitoe."

"Msimguse, ana nyonga!" akapaza sauti muuza maandazi.

Mgeni alionyeshwa stuli kando ya mlango. "Mimi siandiki nikiwa juu ya stuli," akasema, akarudi mvuani na kalamu yake. Bwana Pritchard akajishika kichwa kama mfalme aliyetekewa mji.

Onyesho likaanza. Nusu ya kwanza ikapita, kiti kitupu, Losa akikilinda kutoka ukutani karibu na mlango. Wakati wa mapumziko mama mmoja alijaribu uvamizi.

"Hata mkoba tu?"

"Hata mkoba."

Katika nusu ya pili Ioane, tai ya shule shingoni, alipiga magoti mbele ya kiti cha maungamo akaimba kwamba hana dhambi ya kutaja, ana jina la mtu tu. Macho yake yakashuka kwenye safu ya tatu, yakaliona sweta. Sauti ikatetemeka, ikashika njia tena.

Ndipo mlango ukafunguka. Petelo alisimama pale na kandambili zake, ufunguo wa gari umebanwa kiganjani.

"Nitasimama hapa hapa," alinong'ona.

"Usimame wapi? Watu wamenichukia leo kwa ajili yako. Kaa."

"Dada, watu watanitazama."

"Wakutazame. Kaa."

Basi na iandikwe, na waandishi wa tarehe waziache kando siku za kutawazwa wafalme: baada ya kiti kuzingirwa kwa saa moja na dakika arobaini, Petelo alipita kati ya magoti ya majirani, akalipakata sweta, akakunja miguu yake, akaketi. Plastiki ikalia. Jukwaani, Ioane akasahau mstari mzima.

Na Losa, asiye na tochi tena, akaegemea ukuta gizani, nyonga ikimwaka moto, akamnong'onezea mwanakwaya wa onyesho aliyesimama karibu naye: "Mkumbusheni maneno, jamani."