Pafu Langu Ndilo Shahidi

Jumatatu, 3 Juni
Mganga Mkuu kaita kikao. Kuanzia leo kila mgonjwa wa nimonia ya virusi atapimwa mara mbili: kwangu kwa CT, mashine kubwa ya picha, na wodini kwa ultrasaundi ya Bi Jeli. Majibu yatiwe kwenye bahasha, zifunguliwe Ijumaa. Yakilingana, CT itabaki kwa wagonjwa wachache wenye utata, nami nihamie stoo ya mafaili. Mimi! Miaka kumi na moja mkuu wa chumba cha CT!

Bi Jeli ni daktari wa wodi. Jina nimempa mimi, kwa kuwa kutwa anawapaka watu jeli mgongoni. Kimashine chake kinaingia mfukoni. Kipimo gani hicho cha kutia mfukoni?

Nimekohoa kikao kizima. Kiyoyozi.

Jumanne, 4 Juni
Nimepita wodini kupeleleza. Bi Jeli anapitisha kimashine mgongoni na kuhesabu mistari myeupe inayoshuka kwenye skrini. Anasema pafu likianza kulowa, mistari huongezeka. Mgonjwa hakutoka kitandani. Kwangu mgonjwa huyohuyo aliletwa na kitanda, mtungi wa oksijeni, wauguzi wawili na shemeji mwenye maswali.

Nilimkumbusha Bi Jeli kwamba haraka haraka haina baraka. Akaniuliza kama anayekosa pumzi naye aambiwe hivyo. Hana adabu.

Jumatano, 5 Juni
Nimepata dawa yake! Nitajifanya mgonjwa. Mimi mzima wa afya. Yeye ataona mistari, maana kazoea kuiona. Kisha CT itanisafisha mbele ya watu wote. Ataumbuka!

Mke wangu anadai nina homa. Nimemwambia ni joto la kufikiri, nikamweleza mpango wangu. Akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Hajui lolote kuhusu vipimo.

Alhamisi, 6 Juni
Nimelala wodini, nikakohoa kwa ufundi. Kikohozi kikagoma kuisha, nikajisifu moyoni kwa uigizaji. Jeli ni ya baridi mno. Bi Jeli alipima sehemu kumi na mbili, hakuruka hata moja. Akasema mistari imejaa chini, pande zote mbili, nisiinuke.

Nimemnasa! Nilicheka mpaka nikaona nyota. Nikadai CT papo hapo, Mganga Mkuu akiwepo.

Mwenzangu wa zamu akawasha mashine. Sauti inayowaamuru wagonjwa ni yangu, niliirekodi mwenyewe: vuta pumzi, shika, usikohoe. Nikakohoa. Ikabidi tuanze upya. Nikakohoa tena. Sikujua nina sauti ya kuudhi kiasi hicho.

Picha ikatoka. Ukungu mweupe chini, pande zote mbili, palepale aliposema. Niliogopa sana, naandika hivyo kwa kuwa hakuna atakayesoma. Aliyesukuma kitanda changu kurudi wodini na kuniwekea oksijeni ni Bi Jeli.

Ijumaa, 7 Juni
Bahasha zimefunguliwa bila mimi. Wagonjwa thelathini, ishirini na wanane majibu sawa. Mke wangu kanisomea barua ya stoo ya mafaili. Alikuwa amelia asubuhi kwa ajili ya pafu langu. Alipofika kwenye neno stoo akacheka.

Bi Jeli kanipima hapahapa kitandani, dakika kumi. Anasema mistari imepungua kidogo. Nimefurahi, halafu nikakasirika kwa kufurahi.

Jumapili, 9 Juni
Homa imeshuka. Nimeomba picha yangu ya CT, nikaikodolea macho saa nzima. Nimepata! Doa moja, dogo, katikati ya pafu la kulia, mbali na ukingo wake. Ultrasaundi haifiki huko. Bi Jeli mwenyewe kakiri bila ubishi. Akaongeza kwamba doa hilo halikubadilisha hata kidonge kimoja cha matibabu yangu. Hiyo sikuiandika kwenye rufaa yangu ya kupinga stoo.

Rufaa itasikilizwa Jumatano. Nimeomba nipimwe tena kwa mashine zote mbili siku hiyohiyo, Mganga Mkuu aone kwa macho yake CT ikilinasa doa na ultrasaundi ikilikosa. Tatizo ni dawa: zinafanya kazi. Mke wangu anaomba usiku na mchana nipone upesi. Nimemsihi apumzike kidogo, angalau mpaka Alhamisi.